TUSIINUE GARI LETU KWA VIPANDE VYA MPIRA



Mara hii twataka kusema juu ya jambo ambalo wengine watalicheka. Watasema: chama kina kazi ya kutetea mishahara, mbona kinaandika habari za springi na amotisa? Jibu letu ni fupi. Gari la ikimina limenunuliwa kwa mishahara. Anayeliharibu anakula mshahara wetu mara ya pili, na anayepinduka nalo harudi kazini.

Wenzetu wengi hapa Rusizi wanaijua habari yenyewe. Tulikuwa watu 14, wengine wa kiwandani, wengine wa mashamba ya chai, na dereva mmoja. Tulichanga kila mwezi hadi tukapata Toyota Corolla kuukuu, ndogo, ya kawaida. Si gari la starehe. Usiku linapeleka wagonjwa hospitali, mchana linaleta sukari na mafuta ya duka letu, na siku ya msiba linabeba wazee wasioweza kutembea.

Na njia zetu mnazijua. Bonde la Bugarama liko chini ya mita 1,000 kutoka usawa wa bahari, na uwanja wa ndege wa Kamembe uko karibu mita 1,580. Kati ya huku na huko ni kona juu ya kona. Ukiiacha lami kuingia vijijini, ni mawe na mifereji iliyochimbwa na mvua.

Mwaka jana gari lilianza kukaa chini upande wa nyuma. Tukalipeleka kwa fundi mmoja, akatuambia tulete faranga kidogo, naye ataliinua siku hiyo hiyo. Akakata tairi bovu, akasokomeza vipande vya mpira kati ya mizunguko ya springi za nyuma. Gari likasimama juu kama jogoo. Tukampigia makofi. Twasema "tuka" kwa sababu ni sisi viongozi wa ikimina tuliokubali, wala hatukuwauliza wenye pesa.

Wiki ya tatu tulikuwa tukishuka Bugarama wakati wa mvua. Ndani mlikuwa na mama aliyetoka kujifungua, na mtoto wake wa siku mbili. Katika kona moja yenye vijituta vidogo, vya kawaida kabisa, mkia wa gari ulirukaruka, ukaenda upande, tukasimama gurudumu moja likiwa mtaroni. Hakuna aliyeumia. Yule mama hakutugombeza. Alishuka, akamfunika mtoto kwa kitenge, akaenda zake kwa miguu. Hadi leo akituona njiani anauliza neno moja tu: "Mmekwisha kulitengeneza?"

Basi tulikaa na fundi mwingine, mzee mwenye subira, akatufungulia gari na kutueleza. Na sisi twawaeleza kama tulivyoelewa.

Springi kazi yake ni kubeba uzito na kulainisha mshtuko. Lakini springi ikibonyea hurudi, na ikirudi hupita kiasi, kisha hubonyea tena. Ya kuituliza ni amotisa, ambayo ndugu zetu wa Tanzania huiita shokamzoba. Ndani yake mna mafuta na pistoni yenye matundu madogo. Mafuta yakilazimishwa kupita katika matundu yale, ule mrusho hugeuka joto, na gurudumu hubaki chini. Hapo ndipo penye maana yote. Gurudumu lililo hewani halifungi breki, halikati kona, halifanyi lolote. Amotisa si kitu cha kumstarehesha abiria. Ni nusu ya breki.

Sasa tazameni ule mpira ulifanya nini. Springi ikiwa na mizunguko 6 inayofanya kazi, ukafunga 2, imebaki 4. Springi hiyo imekuwa ngumu mara moja na nusu, na ile mizunguko 4 inabeba taabu ya yote 6, kwa hiyo siku moja itakatika. Na amotisa iliyotengenezwa kutuliza springi laini haiwezi kuituliza iliyo ngumu. Za kwetu zaidi ya hayo zilikuwa zimekwisha kufa, mafuta yametiririka nje zamani. Tulikuwa tumetibu kilema cha mguu kwa kuvaa kiatu kirefu.

Kuna kipimo kisicho na gharama. Kandamiza kona ya gari kwa uzito wako mara mbili tatu, kisha achia. Likipanda na kutulia, amotisa ina uhai. Likiendelea kucheza kama kitanda, imekufa. Lakini angalieni: kipimo hiki hukamata iliyokufa, hakikamati iliyo mgonjwa. Kwa hiyo tazameni pia kama mwili wake umelowa mafuta, na kama tairi limeliwa mabaka mabaka kulizunguka.

Vijana wa kikundi chetu walitaka kitu kingine. Wameona katika sinema magari yaliyoshushwa chini, magumu, yanakata kona kama kisu. Wakasema tukate springi kwa moto wa gesi, ni bure. Hasha. Moto ule huua ugumu wa chuma, na gari gumu lililo chini linafaa njia iliyonyooka kama meza. Njia yetu si meza. Citroën 2CV, lile gari dogo la Wafaransa lililoonyeshwa Paris mwaka 1948, lilikusudiwa wakulima, na wenye kiwanda walitaka liweze kuvuka shamba lililolimwa na kapu la mayai ndani bila yai kuvunjika. Springi zake zilikuwa laini ajabu. Hata hivyo lilijulikana kwa kushika njia. Ulaini si udhaifu, mradi pawe na cha kuutuliza.

Na anayesema kwamba gari kuukuu halifai kuhangaikiwa, tumkumbushe Joginder Singh, makanika aliyezaliwa Kericho, Kenya, mwaka 1932, kule kwenye chai kama sisi. Mwaka 1965 yeye na ndugu yake Jaswant walishinda mashindano ya Safari ya Afrika Mashariki kwa Volvo PV544 iliyokwisha kutumika, wakayapita magari mapya ya viwanda vikubwa. Alishinda tena mwaka 1974 na 1976 kwa Mitsubishi Lancer. Hatusemi sisi ni Joginder. Twasema njia mbaya humheshimu anayejua kila nati ya gari lake.

Sasa, pesa zetu ni chache. Zianzie wapi? Yule mzee alituambia tuanze kutoka ardhini kupanda juu, nasi tumeona ni kweli. Tulianza na matairi, yaani na upepo tu. Mwenzetu mmoja alikuwa akiyajaza hadi bari 3 ili yasiliwe upesi. Tairi gumu namna ile hudunda kama mpira wa miguu. Kiasi kinachotakiwa kimeandikwa kwenye kibandiko penye nguzo ya mlango wa dereva, nacho hupimwa asubuhi kabla gari halijatembea. Hilo halikutugharimu hata faranga, na siku ile ile dereva alisema usukani umebadilika.

Kisha tukaenda kwenye bushi za mpira, ambazo mafundi wa huku huziita silenbloku, na zile rotili za chini. Bushi iliyopasuka huliacha gurudumu liende linakotaka, na hata ukinunua amotisa ya dhahabu juu yake, umetupa pesa. Ni vitu vya bei ndogo ambavyo hakuna anayevitazama kwa sababu havionekani. Ule mgongano tuliousikia mbele kwa miezi, tukidhani ni amotisa, ulikuwa vifimbo vya kushikia chuma cha kuzuia gari lisilale kwenye kona. Viwili, vikabadilishwa kwa muda wa saa moja.

Ndipo tukanunua amotisa mpya mbili, za nyuma, kwa maana nyuma ndiko kulikotutupa mtaroni. Mbili kwa pamoja, siyo moja. Ukiweka moja mpya na moja iliyochoka, gari litatulia upande mmoja na kuruka upande wa pili. Wala tusinunue amotisa iliyotumika, hata ikipakwa rangi nzuri namna gani. Hujui ilikwisha pigwa kilomita ngapi. Springi iliyotumika ni habari nyingine. Ikitoka kwenye gari la aina ile ile, na zote mbili zikisimama urefu mmoja bila ufa wala kutu nzito, yafaa.

Hapa lazima tuseme neno la chama. Katika Corolla kama letu springi imezungushiwa amotisa, na ili kuitoa ni lazima ibanwe kwanza. Tumemwona kijana mwanafunzi wa gareji akiibana kwa waya. Springi iliyobanwa ikiponyoka huvunja taya, huua. Kuna kifaa cha skrubu cha kazi hiyo. Fundi asiyekuwa nacho, tusimpe kazi, hata akipunguza bei, kwa maana ile tofauti ya bei inalipwa na uso wa yule kijana.

Lililobaki ndilo gumu. Kamati ya duka inataka vipande vya mpira virudishwe, maana bila hivyo gari halibebi magunia 5. Ni kweli, halibebi. Tumepima: watu wanne na magunia 2 chini, karibu na katikati, wala hakuna kitu juu ya paa. Kamati inasema hii ni hasara ya safari moja kila juma. Sisi twasema gari la wagonjwa lisigeuzwe lori, na magunia yale matatu yalipiwe nauli. Lakini mara ya kwanza tuliamua peke yetu, na mmeona matokeo. Kwa hiyo jambo hili litaamuliwa na wote 14, Jumamosi ya mwisho ya mwezi, baada ya umuganda. Springi za zamani na vile vipande vya mpira tutaviweka mezani kila mtu avishike. Yule mama tumemwalika, naye amesema atakuja.