Mikono Juu, Likoni
Na Mwana-Mtongwe

Jumapili iliyopita nilisikiliza ripoti ya umisheni katika kanisa moja la hapa Likoni, na tangu hapo chai hainishuki. Kanisa silitaji. Wenyewe wanajijua, na mke wangu bado anaimba kwaya pale.

Mwenyekiti wa kamati ya uinjilisti alisimama na projekta. Mkutano wa injili wa Agosti ulifana, akasema. Waliofikiwa, maelfu. Waliookoka, mamia. Vigelegele! Kinanda kikalia kabla hata hajamaliza sentensi.

Mdomo wangu haujui kunyamaza. Nikamuuliza mzee wa kanisa aliyekaa kando yangu: hao maelfu walihesabiwaje? Akaninong'oneza kwamba ni idadi ya vikaratasi vilivyochapishwa. Vikaratasi hivyo nilivikuta kwa mama wa viazi karai kule mteremko wa feri, vimekunjwa vizuri, vinavuja mafuta. Basi kila Muislamu aliyepita na viazi vyake akienda kuswali isha amefikiwa, na yumo kwenye ripoti.

Sasa nije kwa Fundi wa Friji, mtu anayetengeneza friji za watu chini ya mwarobaini. Agosti aliinua mkono. Huinua kila mwaka. Ameokoka Likoni, ameokoka Changamwe, na Kisauni aliokoka siku iliyopikwa pilau. Makanisa matatu yanamhesabu mtu mmoja. Nilimkuta hapo mwarobainini, kichwa kimezama ndani ya friji la mtu. Fundi, nikamwambia, umeokoka na kanisani huonekani?

"Waliandika namba yangu, mzee. Nikangoja wapige."

Nikakosa la kusema, jambo ambalo nyumbani kwangu lingepigiwa vigelegele kuliko ile ripoti.

Fundi hana kosa. Wenye kosa ni waliogeuza toba kuwa hesabu ya mikono, kwa kuwa mkono ulioinuliwa hupigwa picha ukapendeza, na picha hupelekwa kwa wafadhili. Mtu anayekaa benchi la nyuma mwaka wa tatu, ameacha mnazi na analipa karo ya wanawe, hapigwi picha na yeyote.

Kwa hesabu hiyo ya mikono, mmishonari Johannes Rebmann angefukuzwa kazi mapema sana. Alifika Rabai mwaka 1846, akaondoka 1875, kipofu, na waongofu wake ni wachache mno kujaza matatu za stejini. Mwenzake Krapf alimzika mkewe Rosine na kitoto chao kichanga huku bara mwaka 1844, hata kabla ya kupata mwongofu mmoja. Hiyo ungeichoraje kwenye projekta?

Na mwaka huohuo wa 1875 alioondoka Rebmann ikaanzishwa Frere Town, pale Kisauni tunapopaita Kengeleni. Walioletwa pale walikuwa watu waliookolewa utumwani, na hawakuambiwa wainue mikono kisha waende zao. Walipewa mahali pa kukaa, shule na kazi. Yalikuwapo ya kulaumiwa pia, wamishonari wale walipenda sana kuamrisha. Lakini vitukuu wa watu wale wangali Kisauni, na kanisani wanaingia. Sisi, waongofu wetu wa Agosti mwaka jana hatujui walipo.

Ibada ilipokwisha nilimwandama mwenyekiti hadi kwenye gari lake. Fomu za waliookoka ziko wapi? Ofisini, ndani ya kabati. Wangapi wamepigiwa simu? Akatazama saa. Pesa za simu, akasema, hazikuingia kwenye bajeti, maana mhubiri mgeni alihitaji hoteli yenye upepo wa bahari. Nisiwe na wasiwasi lakini, kamati imejitathmini na kuona upungufu ulikuwa wapi: mwakani spika zitaongezwa.

Fundi ameshaniulizia tarehe.