Lugha Isiyolisha Mtu

Jioni moja baada ya Magharibi nilikuwa nimeketi barazani kwetu Kibokoni, kikombe cha kahawa chungu mkononi na daftari pajani, midomo ikinitetema kimyakimya. Mzee mwenzangu mmoja, ambaye tumesoma naye chuo kimoja, alinitazama kwa muda kisha akaniuliza, "Sheikh, wasoma uradi gani huo?" Nikamwambia si uradi, ni Kiesperanto. Akataka kujua ni lugha ya watu gani. Nikamjibu kwamba haina kabila wala nchi, imetungwa na daktari mmoja wa macho. Baraza zima likaangua kicheko. "Haya," akasema, "na itakulisha nini?"

Wasomaji wapenzi, swali hilo nimeulizwa mara nyingi hata nimeona afadhali nilijibu gazetini, niwapunguzie watu taabu ya kuniuliza njiani.

Sisi watu wa pwani tumezoea kuipima lugha kwa faida yake. Kiarabu twakisoma kwa ajili ya dini, Kiingereza kwa ajili ya kazi, na wale vijana wa Malindi Kiitaliano chao kimewajengea nyumba. Lakini mtu akijifunza lugha kwa ladha yake tu huonekana amepungukiwa. Ajabu ni kwamba mtu akifuga njiwa, au akicheza bao tangu Alasiri mpaka asikie adhana, hakuna amuulizaye njiwa watamlisha nini. Mimi nasema huu ni upendeleo, na njiwa hawakustahili kupendelewa kuliko sarufi.

Nilianza mwaka 1984. Muuza vitabu vikuukuu aliyekuwa akitandaza bidhaa yake chini alikuwa na kijitabu chembamba chenye nyota ya kijani juu ya jalada, nami nilikinunua kwa sababu kilikuwa rahisi kuliko vyote. Humo ndimo nilimomjua Ludwik Zamenhof, aliyezaliwa mwaka 1859 katika mji wa Białystok, ambao leo umo Poland na zamani hizo ulikuwa chini ya Urusi. Alikuwa mtoto wa nyumba ya Kiyahudi katika mji wa Wayahudi, Wapoland, Warusi na Wajerumani, kila watu na lugha yao, na kila lugha na chuki yake. Kijana huyo akaona kwamba lau wangekuwa na lugha ya pili isiyo ya yeyote kati yao, huenda wangesikilizana. Mwaka 1887 alichapisha kitabu chake mjini Warsaw, akajiita Doktoro Esperanto, yaani daktari mwenye kutumaini. Jina hilo la kujifichia ndilo lililokuja kuwa jina la lugha yenyewe.

Kanuni za sarufi alizitaja 16 tu. Kila jina la kitu huishia kwa o, kila sifa kwa a. Kitendo cha sasa huishia kwa as, kilichopita kwa is, kijacho kwa os, wala hakuna kitendo kinachokwenda kinyume. Kujifunza ni lerni. Ongeza kiungo kidogo upate lernejo, mahali pa kujifunza, au lernanto, mwenye kujifunza. Mzungu huisifia hila hiyo kama kitu cha miujiza. Mswahili haimshangazi, kwani yeye tangu utotoni ana soma, somo, msomaji, somesha na someka, na hapana daktari aliyemtungia.

Hata hivyo sitaki kuwadanganya kama wapenzi wengine wa lugha hii wafanyavyo. Wao husema haina mwenyewe. Maneno yake mengi yametoka katika Kilatini na watoto wake, mengine Kijerumani na kadhalika, hivyo Mfaransa huanza akiwa tayari yumo ukumbini, nasi twabisha hodi nje. Kujua ni scii, neno linalotaka s na ts zifuatane bila kupumua, na nilipokuwa nikilifanyia mazoezi usiku mke wangu alidhani nafukuza paka. Kisha yapo mambo ya adabu. Baba ni patro, na mama ni patrino, yaani ni baba aliyetiwa mkia. Mke wangu nilipomweleza hayo alisema, "Huyo daktari wako hakulelewa na mama?" Sikuwa na jibu, na mpaka leo sinalo. Tena lugha hiyo hutenga mwanamume na mwanamke katika li na ŝi, ilhali yeye yetu moja imetutosha miaka yote hii.

Pingamizi lililonipa kazi zaidi halikuwa la chakula. Lilitoka kwa maalimu mmoja wa mtaani, mtu mwenye elimu yake, aliyenikumbusha kwamba katika Suratul Rum kutofautiana kwa ndimi zetu kumetajwa kuwa ni miongoni mwa ishara za Mwenyezi Mungu. Iweje basi mtu ajaribu kuzifanya ndimi kuwa moja? Nilifikiri siku kadhaa. Nilipomrudia nilimwambia kwamba Zamenhof hakutaka mtu aiache lugha ya mama yake. Alitaka ya pili, ya kukutania njiani. Nikamwambia pia kwamba zaidi ya miaka mia mbili kabla ya Zamenhof, katika karne ya 16, Mwislamu mmoja mtu wa tarika aliyekaa Misri, jina lake Muhyi-i Gülşeni, alijitungia lugha iitwayo Balaibalan, akaiandika kwa herufi za Kiarabu, na sarufi yake akaishona kwa Kiarabu, Kiajemi na Kituruki. Maalimu alinyamaza kidogo, kisha akaniomba nimwandikie jina hilo.

Na wanaodhani ni mchezo wa kitoto nawauliza kwa nini basi wakubwa waliuogopa. Hitler aliitaja lugha hii kwa ubaya katika kitabu chake. Katika Urusi ya Stalin, mwaka 1937 na 1938, watu walifungwa na kuuawa kwa kuwa wakiandikiana barua kwa Kiesperanto na wageni wa nchi za nje. Zamenhof mwenyewe alifariki mwaka 1917, hakuyaona. Lakini mwanawe Adam alipigwa risasi na Wajerumani mwaka 1940, na binti zake Zofia na Lidia waliuawa Treblinka mwaka 1942. Kila nifunguapo kile kijitabu cha nyota ya kijani nawakumbuka hao.

Kazi za dunia zilinishughulisha, nikaiacha lugha kwa miaka mingi. Aliyenirudisha ni mjukuu wangu, aliyegundua kwamba Duolingo tangu mwaka 2015 ina masomo yake, akaniwekea katika simu. Ndipo tukapata habari kwamba mkutano mkuu wa dunia wa Kiesperanto, ambao wa kwanza ulifanywa Boulogne-sur-Mer huko Ufaransa mwaka 1905, utafanywa Arusha mwezi wa Agosti 2024, na hiyo ndiyo mara ya kwanza kuletwa Afrika. Arusha! Nilikuwa nikidhani lugha hii nitaizungumza na ukuta mpaka nife. Tulipanda basi, tukapita Voi na Taveta, tukavuka Holili.

Siwezi kueleza furaha ya mtu wa miaka sabini na ushei kumwambia mgeni saluton na mgeni akaitikia. Maneno yangu yalikuwa yakichechemea, lakini nilisikilizwa. Nilizungumza na mwalimu kutoka Burundi, na kijana wa Togo aliyenicheka jinsi nitamkavyo kwa sauti ya Kiswahili, nami nikamcheka ya kwake ya Kifaransa. Jioni, tulipokuwa tukila katika mkahawa mdogo, mimi, yule Mrundi na Mtanzania mmoja tulijisahau tukaingia katika Kiswahili. Mzungu mmoja akatutania kwamba tunafanya krokodili. Ndivyo wasemavyo wao mtu akitumia lugha ya kwao mbele ya wenziwe: amesema kama mamba. Tulicheka, lakini moyoni nilisema ngoja kwanza. Hapa Arusha, nani mgeni, nani mamba?

Mezani alikuwapo bibi mmoja wa Japani, mwalimu mstaafu. Yeye hakucheka. Aliniuliza kama Kiswahili hicho ndicho nilichosema na mama yangu. Nikamjibu kwa haraka kwamba ndicho. Kisha nikasita, nikamwambia sivyo hasa. Mama yangu alisema Kimvita. Njia kwake ilikuwa ndia, kichwa kitwa, na kuku hakuchinjwa, alitindwa. Bibi yule akatoa kalamu. Aliandika, akaniuliza jingine, na jingine, na baada ya kitambo kidogo nikaona haya, kwani yalikuwa yakinikatikia.

Sikulaumu mtu. Mkutano uliofanywa hapa hapa Mombasa mwaka 1928 ulichagua Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili sanifu, na kuanzia mwaka 1930 Kamati ya Lugha ilikitengeneza, ikakipima na kukipitisha vitabuni. Tumefaidika nacho, nami ndicho niandikacho sasa. Lakini miaka yote ya shule hakuna aliyewahi kuniuliza mama yangu alisemaje. Aliyeniuliza ni Mjapani, kwa lugha iliyotungwa na daktari wa macho, na bila lugha hiyo tusingeweza hata kuombana chumvi.

Basi lile daftari la barazani sasa lina pande mbili. Mbele ni Kiesperanto, nyuma ni Kimvita, na upande wa nyuma ndio unaojaa upesi. Mke wangu amenipa ya jikoni. Ya baharini nayatafuta kwa wazee waliopata kusafiri na majahazi, na juma lililopita wawili wao walishindana juu ya kamba moja ya tanga, kila mmoja na jina lake, hata kahawa ikapoa. Aliyeniuliza itanilisha nini ndiye aliyekuwa akipiga kelele zaidi. Nimeyaandika majina yote mawili.