Pumba si Taka

Nina neno juu ya watoto wa nguruwe. Wale ambao dini yao haimtaki mnyama huyu wanisamehe.

Muhula uliopita, katika mabishano ya chama chetu cha ukulima, wengi walishikilia kwamba pumba ni za kujazia tumbo tu. Mtoto wa nguruwe aliyeachishwa ziwa apewe unga mtupu wa mahindi na soya, na akihara apigwe sindano. Mimi sikubali. Mwaka jana nyumbani kwetu tulifanya hivyo hivyo. Watoto tisa waliachishwa, siku ya nne wakaanza kuhara, wanne wakafa. Hao wanne ndio waliokuwa viatu vyangu na nauli.

Mtoto akitengwa na mama yake hugoma kula siku moja mbili, kisha njaa humfanya abugie. Utumbo wake haujazoea chakula kikavu. Protini isiyomeng'enywa huteremka ikaoza utumboni, na bakteria wa E. coli hupata karamu. Pumba kidogo za ngano huharakisha mwendo wa chakula, bakteria hao wasipate kituo. Tena katika utumbo mpana vijidudu vyema huchachusha sehemu ya nyuzinyuzi zake na kutoa asidi ya butiriki, nayo hulisha utando wa utumbo wenyewe.

Kidogo, nasema. Tumbo lake ni dogo, na ukimjaza pumba atakonda huku ameshiba. Pumba zenye ukungu usimpe kabisa.

Katika Umoja wa Ulaya antibiotiki za kukuzia mifugo zilikatazwa mwaka 2006, na oksidi ya zinki kwa kipimo cha dawa mwaka 2022. Ndiyo maana wafugaji wa huko wanazitazama nyuzinyuzi kwa jicho jipya. Sisi tungali tunakimbilia chupa, na dawa hizo ni ndugu za zile tunazopewa hospitali; vijidudu vikizizoea zizini, mgonjwa atatibiwa na nini? Nguruwe aliye mgonjwa kweli na aitiwe bwana mifugo.

Mama ana watoto wanane watakaoachishwa mwisho wa mwezi huu. Nimemwandikia aanze kuwaonjesha chakula chenye pumba wakiwa bado wananyonya. Debe la pumba za ngano limekwisha nunuliwa. Baba bado anabisha.