Rejeta ya bei chee isiwe usajili wa garasa

Dirisha la usajili likifunguliwa, mashabiki wa Simba na Yanga hukesha wakibishana: nani jembe, nani garasa. Kwa timu za ndondo za Kasoli, wilayani Bariadi, kuna usajili mwingine ambao hakuna anayeubishania, na unaweza kuipa timu kipigo kabla ya filimbi kupulizwa. Ni rejeta ya gari linalobeba wachezaji.

Mchezo wenyewe unajulikana. Vijana wamejazana nyuma ya Land Rover 109 ya kuazima, ngoma juu, nyimbo zinapigwa. Katikati ya safari mshale wa joto unapanda, gari linachemsha. Boneti linafunguliwa, na yale madumu ya maji ya kunywa wachezaji yote yanaishia kwenye rejeta. Timu inafika na kiu, haijapasha misuli. Ikichelewa zaidi, inapoteza mechi mezani, na hapo lawama zote anabebeshwa kocha!

Tatizo linaanzia kwa viongozi. Jezi watachagua wiki nzima, rangi na kola, lakini rejeta wanaulizia swali moja tu: shilingi ngapi? Kununua ya bei chee si dhambi. Land Rover 109 iliacha kutengenezwa mwaka 1985, na kung'ang'ania orijino ni kumaliza mfuko wa timu. Kosa ni kuangalia bei peke yake.

Swali la kwanza liwe: ikitoboka, nani ataiziba? Rejeta za viwanda vingine ziko za aina tatu. Ya shaba ni nzito, lakini fundi mwenye kifaa cha kulehemu anaiziba na gari linarudi barabarani. Ya alumini tupu ni nyepesi na inapoza vizuri, ila kuichomea kunataka mashine na mkono wa mtaalamu. Ya alumini yenye matangi ya plastiki ndiyo huwa rahisi zaidi dukani, lakini plastiki ikichoka kwa joto hupasuka, na hapo kinachofuata ni kununua nyingine. Kwa gari la kijijini, mbali na maduka makubwa ya spea, ya shaba inastahili namba ya kudumu.

Pili, vipimo. 109 zilitoka na injini za silinda nne na nyingine za silinda sita, na rejeta zake hazifanani. Kumwambia muuzaji "nipe ya Land Rover" ni sawa na kusajili beki bila kujua anatumia mguu gani. Ile ya zamani ipimwe urefu, upana na unene. Yaangaliwe matundu ya boliti, pamoja na ukubwa na upande wa midomo ya mipira ya maji. Rejeta nene inavutia macho, lakini ikigusana na feni imekwisha siku hiyohiyo.

Tatu, mfuniko. Huu ndio kiungo mkabaji asiyeimbwa. Simiyu iko zaidi ya mita 1,000 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo maji ya wazi huchemka kabla ya kufika nyuzi 100. Mfuniko unaoshikilia presha ndio unaoyazuia yasichemke mapema. Ukilegea, hata rejeta mpya itaonekana garasa. Usiofanana na ule ulioelekezwa kwa gari hilo usifungwe, kwani presha ikizidi inapasua mipira iliyochoka. Na gari likiwa la moto, mfuniko usifunguliwe. Maji yale yanaunguza uso.

Lakini kabla fedha haijatoka, fundi athibitishe kwamba mgonjwa ni rejeta kweli. Mkanda wa feni uliolegea, pampu ya maji iliyochoka au mapezi yaliyozibwa na vumbi na nyasi hutoa dalili zilezile. Kuna timu hufukuza kipa wakati tatizo ni mabeki.

Gharama ya kupuuza haya ni kubwa kuliko mechi moja. Injini iliyochemshwa sana hupinda silinda hedi na kuunguza gasketi, na mwenye gari aliyeazima kwa moyo mweupe hataazima tena. Msimu mzima unabaki wa kutembea kwa miguu au kuomba bodaboda.

Kwa hiyo mchango ujao ukipitishwa, mweka hazina asiende dukani peke yake. Aende na fundi, futi ya kupimia na rejeta ya zamani mkononi. Jezi mpya zinaweza kusubiri. Timu iliyofika uwanjani na jezi zilizopauka bado inaweza kushinda.