Ukuta wa Bustani: Msingi Uchimbwe Kina Gani?

Mwenye shamba wa Ruiri, baina ya mji wa Meru na Isiolo, akitaka kuizungushia bustani yake ukuta wa mawe wa kimo cha futi 3, swali lake la kwanza kwa mwashi huwa: tuchimbe kiasi gani? Mwashi alijibuye kabla ya kushika sururu si wa kuaminiwa sana.

Huko Uingereza waashi huogopa kwenda chini ya inchi 18 tu, kwa kuwa wakati wa baridi kali maji ya ardhini huganda, yakauinua udongo pamoja na ukuta. Kwetu barafu haiingii ardhini. Adui wetu ni udongo mweusi wenye kunata, ambao hufura kwa mvua na kupasuka kwa jua. Basi ukague uwanja wako mwezi wa Septemba, kabla ya mvua za Oktoba. Ukiona nyufa, tia kijiti uone zinashuka hadi wapi. Msingi hauna budi kupita hapo.

Udongo ukiwa mwekundu na imara, inchi 18 zatosha. Kwa ukuta wa unene wa inchi 9, upana wa mtaro uwe inchi 18. Mwaga zege ya inchi 6, saruji 1, mchanga 3, kokoto 6, kisha uifunike kwa magunia mabichi siku 7. Wengi huiacha ikaungue juani siku ya pili, na huo ni ubahili wa madebe machache ya maji.

Penye udongo mweusi, kina hicho ni kuzika fedha. Jijini Nairobi, penye udongo kama huo, wajenzi huuchimba na kuuondoa kwa malori hata wafikie ardhi ngumu. Ukiwa wa futi 2, fanya vivyo hivyo. Ukiwa wa futi 5, mawe yatakayozikwa yatazidi yatakayoonekana. Afadhali upande ua wa miti. Usijidanganye kwamba ukuta ni mfupi: kipande cha urefu wa futi 10 huzidi tani moja, na watoto hupenda kucheza kivulini mwake.

Mikaratusi nayo iwe mbali. Mizizi yake hunyonya maji, udongo mweusi ukasinyaa upande mmoja, na ukuta ukainamia huko.