Mnunuzi wa kamera ya video Singida aanze na sauti

Alizeti ikishakamuliwa na vitunguu vikishauzwa, fedha za wakulima na wafanyabiashara wa Singida huelekea kwenye madeni, bati na sherehe. Kuanzia Juni hadi Oktoba, kamati za harusi hukutana Kiomboi, Manyoni, Ikungi, Nduguti na Singida mjini. Harusi hizo hufuatana na kipaimara, maulidi na mahafali. Katika majira hayo baba mwenye nyumba huuliza anunue kamera gani ya video ya familia, na kijana mwenye mtaji mdogo huuliza swali hilo hilo kwa nia ya kuikodisha.

Muuzaji dukani hujibu kwa kutaja zoom na 4K. Maoni ya safu hii ni kwamba jibu hilo linamfaa zaidi muuzaji kuliko mnunuzi. Kwa mkoa huu jambo la kwanza la kuangalia ni sauti, na zoom ije baadaye.

Sababu ni upepo. Singida ni uwanda wa juu ulio wazi, na kiangazi upepo wake ni mkali kiasi kwamba wawekezaji wamekuwa wakiupangia miradi ya kuzalisha umeme. Msimu wa upepo ndio huo huo msimu wa sherehe, na sherehe nyingi hufanyika nje, chini ya turubai. Maiki ndogo iliyomo ndani ya kamera hupigwa na upepo moja kwa moja na kutoa ngurumo inayofunika maneno. Picha hutoka safi, bibi harusi anaonekana, lakini babu anayetoa wosia hasikiki. Babu huyo akifariki, familia hubaki na mdomo unaocheza bila neno lolote, na hakuna fundi wa kuirudisha sauti ambayo haikunaswa.

Kwa hiyo kabla ya kulipa, mnunuzi aigeuze kamera na kutafuta matundu mawili, la maiki ya nje na la hedifoni. Asidhani kila kamera inayo. Sony HDR-CX405, iliyotoka mwaka 2015, ina zoom ya lenzi ya mara 30 lakini haina tundu la maiki. Canon Legria HF R806 ya mwaka 2017, ambayo nayo ni ya daraja la kawaida, inalo. Kwa picha za mchana kamera hizo mbili hazipishani sana, bali kwenye uwanja wa Singida wenye upepo tofauti yake ni kubwa.

Baada ya tundu, inahitajika maiki ya kubana kifuani yenye waya mrefu au isiyo na waya, pamoja na kifuniko chake cha manyoya. Kifuniko hicho hupunguza upepo kuliko sponji. Hedifoni ni ya kumwezesha mpigaji asikie kinachoingia wakati kazi inaendelea, badala ya kugundua kasoro siku ya pili. Mwenye kutaka kuchukua sauti kutoka mikisa ya mshereheshaji afanye majaribio mapema, kwa kuwa sauti ya mikisa ikiingizwa kwenye tundu la maiki bila kupunguzwa huwa na nguvu mno na kukwaruza.

Lipo swali la simu. Kwa video fupi za watoto, keki au wageni wakiingia, simu nzuri inatosha na hakuna haja ya kununua kitu kingine. Udhaifu wake huonekana pale shughuli inapochukua saa tano. Betri huisha, nafasi hujaa, na mtu akipiga simu kurekodi kunaweza kukatika. Hata hivyo simu yenye maiki ya nje iliyovikwa manyoya itashinda kamera ya gharama isiyo na tundu. Mwenye kufikiria kamera za picha naye aulize kuhusu muda. Nyingi za zamani hukata video kwenye dakika 29 na sekunde 59, kutokana na ushuru wa Ulaya uliotozwa kamera zenye uwezo wa kurekodi dakika 30 au zaidi.

Jambo la pili ni hifadhi, na hapa hesabu ni rahisi. Video ya HD ya megabiti 17 kwa sekunde hula takriban gigabaiti 7.6 kwa saa, hivyo kadi ya gigabaiti 64 huchukua saa nane hivi. Video ya 4K ya megabiti 100 hula gigabaiti 45 kwa saa, na kadi hiyo hiyo hujaa kabla ya saa moja na nusu. Familia inayotazama sherehe zake kwenye televisheni ya kawaida haina sababu ya kulipia mzigo huo. Kadi nazo zijaribiwe kwa kujazwa mpaka mwisho kabla ya siku ya kazi, kwani kadi bandia huandikwa ukubwa ambao haina.

Kuhusu kudumu kwa kumbukumbu, yaliyopita yanatosha kuwa funzo. JVC ilileta VHS sokoni mwaka 1976, na kanda hizo zikajaa makabati ya watu. Mwaka 2016 kampuni ya Funai ya Japani iliacha kutengeneza deki, na mwaka 2021 JVC nayo ikaacha kutengeneza kamera za video za nyumbani. Mwenye harusi yake kwenye kanda ya VHS au MiniDV aihamishe sasa, wakati bado zipo mashine za kuisoma. Mwenye kurekodi leo aweke nakala mbili katika vyombo viwili tofauti, katika nyumba mbili tofauti.

Onyo kwa wanaoagiza mitumba kutoka Japani: kamera nyingi za huko hufuata mfumo wa NTSC, wakati kwetu umeme ni wa mizunguko 50. Chini ya taa za tyubu, video yake inaweza kupepesa. Kama kamera inaruhusu kasi ya shata ipangwe kuwa 1/50 tatizo hupungua. Kama hairuhusu, ni afadhali kuiacha. Menyu nayo inaweza kuwa ya Kijapani tu.

Sasa tuje kwenye mtaji. Tuchukulie kwa mfano kwamba kamera, maiki, miguu mitatu, betri ya akiba na kadi vinagharimu Sh. 1,200,000, na vitatumika miaka minne. Familia yenye sherehe tatu kwa mwaka itapata sherehe 12, yaani Sh. 100,000 kwa kila moja kabla ya matengenezo. Ikiwa mpiga video mwenye vifaa vya sauti anapatikana kwa chini ya hapo, kukodi ni busara zaidi. Kijana anayepata kazi mbili kila mwezi atafanya kazi 96 katika muda huo, na gharama ya vifaa itashuka hadi Sh. 12,500 kwa kazi moja. Kwake kununua kuna maana, mradi bei yake ilipe pia siku zake mbili tatu za kuhariri.

Kijana huyo asisahau kwamba mteja hulipa salio baada ya kuona na kusikia. Kamati ya harusi itasamehe picha iliyotikisika kidogo, lakini haitasamehe hotuba ya mzazi iliyogeuka ngurumo. Kwenye bajeti yoyote ile, fedha ya maiki itengwe kwanza, na kinachobaki ndicho kichague kamera. Muuzaji akikataa mnunuzi asijaribu maiki na hedifoni pale pale dukani, biashara hiyo iachwe.