Wenye magari ya kifahari wakome kubahatisha maisha kwa matairi ya mitumba

UKISIMAMA mjini Kakamega Jumamosi asubuhi, kando ya barabara kuu itokayo Kisumu kuelekea Webuye, hutakosa kuyaona: Mercedes, BMW, Subaru Legacy na Toyota Mark X yaliyong'arishwa yakawa kama vioo, yakiwabeba waombolezaji au wageni wa harusi kuelekea Shinyalu, Malava au Butere.

Lakini inamisha macho kidogo utazame kile kinachogusa lami. Mara nyingi utakuta tairi la mbele ni la kampuni moja, la nyuma la nyingine; moja bado lina meno, la pili limekuwa kipara. Gari linalojivunia injini ya lita mbili na nusu au zaidi linategemea vipande vinne vya mpira, kila kimoja kikigusa ardhi kwa eneo lisilozidi sana kiganja cha mkono.

Tatizo hili lina chanzo chake. Sheria ya ubora wa magari inayosimamiwa na Shirika la Kukadiria Ubora wa Bidhaa nchini (KEBS) huruhusu kuingizwa kwa gari lililotumika iwapo halijapita miaka minane tangu lisajiliwe mara ya kwanza. Kwa hivyo, sedani iliyoundiwa tajiri wa Tokyo au Munich humfikia mwalimu, mhasibu au mfanyabiashara wa Kakamega ikiwa imepoteza sehemu kubwa ya thamani yake.

Bei ya gari hushuka, bei ya tairi lake haishuki. Tairi pana lenye ubavu mwembamba huuzwa kwa bei ile ile, liwe linafungwa kwenye gari la mwaka huu au Mark X, ambayo kiwanda kiliacha kuiunda Desemba 2019. Mtu hununua ufahari kwa bei ya mitumba, kisha hushtuka anapodaiwa kuutunza kwa bei ya dukani. Hapo ndipo anapokimbilia kibanda cha matairi yaliyotumika.

Mwenye kibanda humwonyesha tairi lenye jina kubwa la Ulaya au Japani, meno yakiwa bado yamesimama. Mnunuzi hufurahi, asijue kwamba mpira huzeeka hata usipotumika. Huwa mgumu, hupasuka nyufa ndogo ndogo, na uwezo wake wa kushika barabara yenye maji hupungua. Wapo pia wanaochonga mifereji upya kwa kisu chenye moto kwenye tairi lililokwisha, wakalipaka rangi nyeusi, likapata sura ya ujana.

Tarehe ya kuzaliwa ya tairi haifichiki kwa anayejua kusoma. Tangu mwaka 2000, ubavuni mwishoni mwa nambari zinazoanza kwa herufi DOT, kuna tarakimu nne. Zikiwa 0815, tairi hilo liliundwa wiki ya 8 ya mwaka 2015. Watengenezaji wengi hushauri tairi likaguliwe kila mwaka baada ya miaka mitano, na liondolewe likitimiza 10, hata kama meno yake yangali yanapendeza.

Kuna mtego mwingine ambao wengi hawaujui. Baadhi ya magari na matairi yanayotoka Japani huja na mpira wa msimu wa theluji. Mpira huo ni laini, umekusudiwa baridi ya chini ya nyuzi saba hivi. Kwenye lami yenye jua kali la saa nane mchana, hulika upesi na kulifanya gari liyumbe dereva anapokata kona au kufunga breki. Ukiona alama ya mlima wenye theluji au neno STUDLESS ubavuni, tairi hilo si la Magharibi mwa Kenya.

Kwetu Kakamega suala hili ni zito kuliko mahali pengi. Hapa ndipo penye msitu wa mvua, na mvua yenyewe haina mzaha: asubuhi jua, alasiri radi, jioni mvua ya mawe. Tairi jipya huwa na mifereji yenye kina cha milimita 8 hivi, na kazi ya mifereji hiyo ni kuyaondoa maji ili mpira uiguse lami. Kina kikipungua hadi milimita 1.6, ambapo vijinundu vya tahadhari vilivyo ndani ya mifereji huwa sawa na uso wa tairi, maji hukosa pa kupitia. Gari huelea kama mtumbwi, na usukani hugeuka pambo.

Hebu fikiria hayo yakitokea kwenye mteremko wa kuelekea Kisumu, mbele kuna trekta la miwa lisilo na taa, kando bodaboda iliyobeba wanafunzi watatu. Mark X na BMW nyingi husukumwa na magurudumu ya nyuma; matairi ya nyuma yakiteleza, mkia wa gari hutangulia kichwa. Atakayelipa gharama huenda asiwe mwenye gari bali yule mwanafunzi. Katika kila mmoja wa miaka ya 2022, 2023 na 2024, barabara za Kenya ziliua watu zaidi ya 4,000.

Je, dawa ni kununua tairi lolote mradi ni jipya? La hasha. Wenye umri wangu wanakumbuka matairi ya Yana yaliyotengenezewa Nairobi na kampuni ya Firestone East Africa, iliyobadilisha jina kuwa Sameer Africa mwaka 2005. Kiwanda hicho kilifungwa mwaka 2016, kampuni ikilalamikia ushindani wa bidhaa za bei ya chini kutoka nje. Leo rafu za maduka zimejaa majina ambayo mnunuzi hajawahi kuyasikia. Baadhi ni mazuri, mengine ni ya kukisia, na jina halimwambii mnunuzi lipi ni lipi. Humbidi asome ubavu.

La kwanza kusoma ni uzito na kasi. Maandishi 235/45R18 94W yana maana kwamba tairi lina upana wa milimita 235, kimo cha ubavu ni asilimia 45 ya upana huo, rimu ni ya inchi 18, linabeba kilo 670, na limepimwa kwa kasi ya kilomita 270 kwa saa. Herufi H ni 210, V ni 240. Utauliza, kasi hiyo ni ya nini ilhali sheria yetu hairuhusu gari dogo kupita kilomita 110? Jibu ni kwamba herufi hiyo huonyesha pia namna tairi linavyostahimili joto. Usishuke chini ya kiwango kilichoandikwa na aliyeunda gari, kwenye kibandiko cha mlango wa dereva au katika kitabu chake.

La pili ni mshiko kwenye maji. Katika nchi za Muungano wa Ulaya, tangu Novemba 2012 tairi jipya huuzwa likiwa na kibandiko kinachoeleza kwa herufi uwezo huo, A ikiwa bora zaidi. Muuzaji wako akiwa nacho, kitazame kabla ya kuuliza bei.

La tatu, na pengine la maana kuliko yote kwa mwananchi wa kawaida, ni kupunguza rimu. Baadhi ya Mark X za kimichezo huvaa 235/45R18, nyingine za kawaida 215/60R16. Piga hesabu: kipenyo cha la kwanza ni milimita 669 hivi, cha la pili 664. Tofauti haifiki asilimia moja, kwa hivyo mshale wa kasi haudanganyi. Lakini ubavu huongezeka kutoka milimita 106 hadi 129, ziada inayoikinga rimu dhidi ya mashimo na mawe ya barabara za vijijini. Tena 215/60R16 yenye nambari 95 hubeba kilo 690. Fundi ahakikishe tu kwamba rimu ndogo haigusi breki.

Wenye BMW na Mercedes zenye matairi yanayoweza kutembea bila upepo wajue kwamba kwa kawaida hayo huahidi kilomita 80 tu baada ya kutoboka, kwa mwendo usiozidi 80 kwa saa. Yatakufikisha Kisumu kutoka Kakamega, si Nakuru. Ukiyabadilisha kwa matairi ya kawaida, beba la akiba.

Na asiyeweza kununua manne kwa pamoja anunue mawili yanayofanana, ayafunge nyuma. Mwenye Subaru inayosukumwa na magurudumu yote hana nafuu hiyo: manne sharti yalingane, la sivyo ataharibu mitambo iliyo ghali kuliko matairi yenyewe.

Najua kuna atakayesema rimu ndogo hulifanya gari lionekane la mzee, na kwamba mapya ni ghali. Tairi la mtumba likipasuka baada ya miezi mitano, na kuondoka na rimu yake, nani aliyeokoa fedha? Rahisi huvunja upishi.

Serikali nayo isikae kando. Ukaguzi barabarani umezoea kuyaandama matatu na malori, huku sedani inayong'aa ikipungiwa mkono ipite. Afisa wa trafiki akiinama sekunde chache kutazama vijinundu vya tahadhari, hahitaji mtambo wowote. Na anayeuza tairi, jipya au kuukuu, alazimishwe kuandika kwenye risiti wiki na mwaka lilipoundwa.

Hadi hayo yatimie, mkaguzi ni wewe mwenye gari. Aliyemudu kununua gari la kifahari lakini akashindwa kulivisha matairi salama hajalimudu bado. Heri alibadilishe rimu, au alibadilishe gari, kabla wingu la alasiri halijatanda juu ya Kakamega.